Vikundi vibaki, lakini vibadilishane mitandao

Kimya kimekuwa kirefu kidogo, kazi za wateja zilinibana, lakini leo nimepata saa mbili za kukaa na kuna jambo limenikaa rohoni. Ni ule mradi wa mwisho ambao wanafunzi wa teknolojia na usalama wa mitandao hufanya kwa vikundi kabla ya kumaliza chuo. Wapo wanaosema uondolewe kabisa, kila mtu afanye mtihani wake mwenyewe au akatafute cheti cha Cisco, yaishe. Wapo wanaosema uko sawa jinsi ulivyo. Mimi nasema kikundi ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika kozi ile, ila tunakipoteza kwa sababu tunapima kisichofaa kupimwa. Tunapima ripoti na mchoro. Tungepima kama mtu mwingine, ambaye hakuujenga mtandao ule, anaweza kuingia asubuhi akaushika na kazi za watu zikaendelea.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwandishi wa programu, si mtu wa mitandao. Nakaa Kimana, huku kusini mwa Kajiado, na mkate wangu unategemea mitandao iliyojengwa na wengine. Programu yangu ikikataa kufunguka dukani kwa mteja, yeye hajui kama kosa ni la programu au la rauta. Ananipigia mimi. Kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili, msije mkasema sikuwaambia.

Kwa asiyezijua kozi hizi, mambo huenda hivi. Mwanafunzi anasoma mihula kadhaa: anwani za IP, jinsi rauta inavyochagua njia, jinsi ya kuugawa mtandao mmoja kuwa vipande vinavyotengana, jinsi ya kuficha ujumbe kwa hesabu, jinsi wadukuzi wanavyoingia na wanavyozuiwa. Mwisho wanawekwa watatu hadi sita, wanachagua tatizo, wanabuni mtandao, wanaujenga, mara nyingi ndani ya Packet Tracer au programu nyingine ya kuigiza mitandao, wanaandika ripoti, halafu wanasimama mbele ya jopo. Sheria ya TVET ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta TVET CDACC, chombo cha mitaala na mitihani ya umilisi, na maana ya umilisi ni kwamba mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya kwa mikono yake. Kwa maandishi basi, mradi huu ndio ungekuwa moyo wa mambo.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kukaa kwenye jopo kama hilo, katika chuo ambacho sitakitaja. Kikundi cha watu watano kilileta "mtandao salama wa hospitali". Mchoro ulikuwa mzuri ajabu: ghorofa nne, kila idara na rangi yake, fayawoli mbili, seva tatu. Ripoti ilikuwa nene kama kitabu cha simu cha zamani. Nikamuuliza kijana wa pili kwenye mstari kwa nini rauta kuu bado inakubali Telnet, ile njia ya kale ya kuingia kwenye kifaa ambayo hutuma nywila bila kuificha hata kidogo. Akatabasamu, akamgeukia mwenzake: "Huyu ndiye alifanya hiyo sehemu." Nikamuuliza dada wa tatu, fayawoli ya kwanza ikizimika, je, hospitali itaendelea kusajili wagonjwa? Naye akamgeukia yule yule. Wote watano walipewa alama moja. Mmoja alikuwa fundi, mmoja alichapa ripoti, mmoja alilipia kuichapisha, na wawili waliobaki walikuja wamevaa tai.

Baadaye nje, yule fundi aliniambia kitu ambacho sijakisahau. "Mwalimu, kuwafundisha kungenichukua wiki mbili. Kufanya peke yangu kumenichukua usiku wa siku tatu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kwa kanuni za mchezo aliopewa, alichagua vizuri. Kikundi cha watu watano kina njia kumi za watu wawili kuzungumza (chora nukta tano uunganishe, utaziona), na kila njia inakula muda. Kama hakuna anayepima mazungumzo hayo, kwa nini uyafanye? Shida ni tabia aliyoondoka nayo: kwamba mtandao ni siri ya mtu mmoja anayejua. Kijana huyo akiajiriwa atakuwa hodari sana kwa mwaka mmoja na nusu. Halafu atapata kazi nzuri zaidi Nairobi, ataondoka na nywila zote kichwani, na atakayebaki atakuwa anaangalia kisanduku chenye taa zinazowaka bila kujua cha kufanya.

Wanaotaka mradi wa kikundi ufutwe husema hapo: unaona? Mpime kila mtu kivyake. Nawaelewa, lakini hakuna mtandao wa maana duniani unaoshikwa na mtu mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita. Hakukuwa na mdukuzi. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida iliukata uti wa mgongo wa mtandao wao. Chombo ambacho kilipaswa kuikagua amri hiyo na kuizuia kilikuwa na hitilafu. Seva zao za majina zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, zikaacha kuutangazia ulimwengu kwamba zipo. Kisha ikaja sehemu ambayo ningependa kila mwanafunzi aisome: vyombo ambavyo wahandisi huvitumia kurekebisha matatizo kama hayo vilikuwa vinategemea mtandao ule ule uliokufa. Ilibidi watu waende kwenye vituo kwa miguu yao, na ulinzi wa majengo yale umeundwa ili mtu asiingie kwa urahisi. Hapo akili ya mtu mmoja haitoshi. Kinachotakiwa ni kujua nani ana ufunguo, nani anajua nini, na kimeandikwa wapi.

Hapa kwetu tuna mifano. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo, kundi linalojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuhusika, na serikali ikakubali kwamba kulikuwa na shambulio. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na majirani. Fundi wa mtandao wa shule au wa hospitali ndogo hawezi kuzuia lolote kati ya hayo. Anachoweza ni kuwa amekwisha kukaa na wenzake na kuamua: siku hiyo ikifika, nini kitaendelea kufanya kazi bila intaneti, na nani atamwambia nani.

Ajabu ni kwamba mama zetu wanaijua kazi hii. Nendeni mkaangalie chama chochote cha akina mama hapa Kimana. Wanakutana, kila mmoja anatoa mchango, anayechelewa anatozwa faini, na kuna kitabu. Kile kitabu ndicho chama. Mweka hazina akiolewa Loitokitok au akihamia Kitengela, anakabidhi kitabu na sanduku, na mkutano unaofuata unafanyika kama kawaida. Sanduku nalo lina kufuli zaidi ya moja kwenye vyama vilivyo makini, kila ufunguo na mtu wake, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Kwenye vitabu vya usalama wa kompyuta jambo hilo huitwa kugawanya mamlaka, na wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani bila kugundua kwamba nyumbani wanaishi nalo. Naye mwanachama ambaye hajui kusoma vizuri bado anajua kilichoandikwa juu yake, kwa sababu kinasomwa kwa sauti mbele ya wote. Linganisheni na wale vijana watano wenye tai.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na nimelizungusha kichwani muda mrefu. Kila kikundi kipewe mtandao halisi wenye mwenyewe halisi. Wiki nne kabla ya mwisho wa muhula, vikundi vibadilishane. Kikundi A kinakabidhiwa mtandao wa kikundi B, pamoja na maandishi peke yake, bila kupigiana simu. Kisha mwalimu anavuruga kitu kwenye nakala ya mtandao huo iliyoko maabara, anachomoa waya au anabadilisha mpangilio mmoja, anavuta jina kwenye kofia, na mwenye jina hilo anatatua mbele ya wote. Akishindwa kwa sababu maandishi yalikuwa mabovu, alama zinapungua kwa kikundi kilichoandika. Akishindwa kwa sababu hajui kitu ambacho kikundi chake kilipaswa kumfundisha, zinapungua kwa kikundi chake. Wasindikizaji wataisha muhula huo huo. Tena hawataishia kwa mwalimu kuwachunguza. Wenzao ndio watakaowakalisha chini wawafundishe, kwa sababu jina litakalotoka kwenye kofia hakuna anayelijua.

Sasa mtandao halisi utatoka wapi? Hapo ndipo Kimana inaponifurahisha. Mtu akipita kwa gari kwenda Amboseli ataona soko la nyanya na vitunguu, kreti zimepangwa mpaka barabarani, mabroka wanapiga kelele, malori yanapakia kwenda Emali na kutoka hapo Nairobi au Mombasa. Maji ya chemchemi za Kilimanjaro ndiyo yanayomwagilia mashamba yale. Lakini nyuma ya kreti kuna mitandao mingi kuliko mpita njia anavyodhani. Kuna maduka ya M-Pesa. Kuna agroveti wanaoandika madeni ya wakulima kwenye kompyuta: mbegu, dawa, mbolea, nani atalipa baada ya mavuno. Kuna shule zenye kumbukumbu za karo, zahanati zenye kumbukumbu za wagonjwa, kambi na hoteli za watalii zinazopokea nafasi zilizowekwa kutoka ng'ambo. Tangu Starlink ianze kuuzwa Kenya mwaka 2023, hata mahali ambapo mnara wa simu ulikuwa unasuasua pana kisahani juu ya paa.

Usalama wao sasa. Nimeingia kwenye maduka mengi kufunga programu yangu, na ninayokuta yanafanana. Rauta ina nywila ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Wi-Fi ya wateja na kompyuta ya mauzo ziko kwenye mtandao mmoja, kwa hiyo kijana anayekunywa soda nje yuko, kwa lugha ya mitandao, chumba kimoja na daftari la madeni. Nakala ya akiba hakuna, na ikiwapo iko kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo saa ishirini na nne. Mnaona ni mambo madogo? Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia nzima ikijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, jozi sitini hivi tu, na hiyo ikatosha kuteka mamia ya maelfu ya kamera na rauta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la kamera lilitumika kuiangusha kampuni ya Dyn, na Twitter, Netflix na nyingine nyingi zikapotea kwa saa kadhaa kwa watu wengi Marekani. Ufundi wa hali ya juu haukuhitajika. Kilichohitajika ni watu wasiobadilisha nywila.

Kwa hiyo kikundi kikipewa duka moja la agroveti, kazi ipo ya kutosha muhula mzima. Kwanza kuhesabu: kuna vifaa vingapi, vya nani, vinaunganishwa vipi. (Mtashangaa jinsi hesabu hii peke yake inavyochukua siku. Siku zote kuna kifaa cha ziada ambacho hakuna anayekumbuka nani alikileta.) Halafu kubadilisha nywila na kuziweka mahali mwenye duka anapopajua. Kutenganisha wateja na mauzo. Kusasisha programu ya ndani ya rauta. Kupanga nakala ya akiba na, jambo linalosahaulika kila mara, kujaribu kuirudisha ili ijulikane kama inarudi. Kukaa na mhudumu wa dukani na kuzungumza juu ya simu za matapeli wanaojifanya watoa huduma wakitaka PIN, na juu ya wizi wa kubadilishiwa laini ya simu, kwa maana kwenye biashara ya Kenya mlango mkubwa wa mwizi ni simu ya mkononi, na hakuna fayawoli inayoufunga.

Mwisho ndiyo yanakuja maandishi ya kukabidhi. Hapa naomba nisimame kidogo. Nataka yaandikwe mara mbili: moja kwa fundi atakayekuja, yenye mchoro, anwani na mipangilio yote, na nyingine kwa watu wa dukani, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe ukutani. Soko la Kimana lina Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu, Wachaga kutoka ng'ambo ya mpaka, na lugha ya kufanya biashara ni Kiswahili. Kwa nini maelekezo ya rauta yawe kwa Kiingereza cha kitabuni? Andika hivi: "Kisanduku cheupe kilicho juu ya friji ndicho kinacholeta intaneti. Taa ikiwa ya kijani, kipo sawa. Ikiwa nyekundu, subiri dakika tano kabla ya kuchomoa. Usibonyeze kitufe kidogo cha nyuma, kitafuta kila kitu. Mauzo yanaendelea kuandikwa hata intaneti ikikatika." Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi tano kama hizo, na zikawa za kweli, ameuelewa mtandao wake. Niliwahi kumwomba msichana mmoja wa diploma anieleze duka lake la mfano namna hiyo. Alipofika kwenye ile sentensi ya mwisho akanyamaza, kisha akasema, "Sijui kama yanaendelea." Akaenda kuchomoa waya ajaribu. Hayakuendelea. Sikumbuki ripoti yoyote ya chuo iliyowahi kumfanya mtu achomoe waya.

Packet Tracer siidharau. Cisco Networking Academy ilianza mwaka 1997 na imewafundisha watu wengi ambao wasingepata kifaa cha kushika. Mwanafunzi anaweza kujenga mtandao wa benki kwenye kompyuta aliyoazima. Lakini ndani ya programu ile panya hatafuni waya. Vumbi la huku kwetu haliingii kwenye feni. Stima haipotei, na ikirudi hairudi na nguvu ya kuunguza. Hakuna mwenye duka anayechomoa rauta ili achaji simu. Usalama wa mtandao ni pamoja na kuhakikisha upo unapohitajika, hilo liko kwenye sura ya kwanza ya kila kitabu, na huku vumbi limeangusha mitandao mingi kuliko Warusi.

Jambo la kubadilishana mitandao silo ndoto yangu peke yangu. Huko Marekani, tangu mwaka 2005, kuna mashindano ya ulinzi wa mtandao kwa vyuo yanayoitwa Collegiate Cyber Defense Competition, yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko San Antonio. Timu hairuhusiwi kuja na mtandao iliojenga. Inarithi mtandao wa kampuni ya kubuni ambao haijawahi kuuona, tayari una matundu, na wataalamu wa upande wa pili wanaanza kuushambulia. Na wakati timu inahangaika, "bosi" anaendelea kutuma kazi za kawaida: fungueni akaunti kwa mfanyakazi mpya, andikeni barua ya sera, ripoti iwe mezani saa nane. Huduma zikizimika alama zinashuka, hata kama mdukuzi hajaingia. Wale wenzetu wamegundua kwamba kazi yenyewe ni kurithi. Ni mara ngapi mhitimu wetu anajenga mtandao mpya kuanzia sifuri? Anafika kazini anakuta nyaya za miaka kumi zimefungwa kwa kamba ya katani.

Najua mtakayonipinga nayo. La kwanza ni sheria, na ni pingamizi la haki. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtishia anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Haisemi "isipokuwa mwanafunzi". Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo ina meno: mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo kusiwe na kushambulia chochote dukani. Mashambulizi yote yafanyike maabara, kwenye nakala ya mtandao isiyo na data ya mtu hata mmoja. Kwa mwenye duka, wanafunzi wanaingia na barua iliyosainiwa inayosema watagusa nini, lini, na hawatagusa nini. Kujifunza kuomba ruhusa hiyo, kukaa mbele ya mzee mwenye duka na kumweleza kwa heshima unachotaka kufanya na kitu chake mpaka akuelewe, mimi ningekupa alama kwa hilo peke yake. Wapo waliofungwa kwa kuruka hatua hiyo.

La pili ni vifaa. Rauta ndogo ya MikroTik inayoweza kufanya karibu kila kitu kwenye kozi haifiki bei ya mbuzi mzuri sokoni. Wireshark, pfSense na Suricata ni bure. Kompyuta za zamani zilizolala kwenye stoo za shule zinatosha kuwa seva za mazoezi. Tusisingizie vifaa.

La tatu ni walimu, na hapa sina jibu jepesi. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi sitini hawezi kuzunguka maduka kumi na mawili. Kubadilishana kunampunguzia kidogo, kwa sababu kikundi kinachopokea ndicho kinachofanya ukaguzi wa kwanza, na ukaguzi huo una makali kuliko wa jopo maana wanaokagua ndio watakaoteseka. Lakini mtu wa kupigiwa simu rauta ikigoma saa tatu usiku anahitajika. Sisi tulio mtaani, waandishi wa programu, mafundi wa visahani, wenye saiba, tungeweza kubeba sehemu. Muhula una wiki chache, na jioni mbili kwa mwezi hazituui.

Na la nne, ambalo wazazi huniuliza: je, hii itampa mtoto kazi? Watu wameuza ng'ombe kulipa karo, swali lao ni halali. Cheti ni kizuri na simzuii mtu kukitafuta. Ila mimi nikiajiri, au mteja wangu akiniuliza amchukue nani, siombi kuona ripoti nene. Nauliza: ni mtandao gani uliowahi kuuacha mikononi mwa mtu mwingine, na je, bado unafanya kazi? Mpaka sasa wachache sana wameweza kunijibu.

Haya, basi nimesema na sasa nitoe changu. Nina rauta mbili na swichi moja ya matundu ishirini na nne ambazo sizitumii, zipo ofisini kwangu Kimana, mkufunzi yeyote wa chuo chochote cha Kajiado akizitaka kwa ajili ya maabara azifuate. Nimeshazungumza pia na mwenye agroveti mmoja karibu na soko. Amekubali kupokea kikundi muhula ujao, kwa sharti moja alilolirudia mara tatu: siku ya soko mtu asiguse waya.